Siku Tulipomwambia Mama Feza

Wauguzi wawili walikuja kwangu juzi kutoka Mantapala kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Kule wanahudumia watu waliokimbia Kongo, na asubuhi hiyo walikuwa wamempa baba mmoja habari mbaya ya ugonjwa wake. "Bambuya," akasema mmoja wao, maana hivyo ndivyo vijana wa huku wanavyotuita sisi bibi zao, "Kiswahili chetu ni cha kununua samaki. Tulimwambia, lakini hatujui alisikia nini."

Nikawapikia bukari, ugali wetu wa mihogo, wakala, nikawaeleza nilichoweza. Walipoondoka nikaona sikuwaeleza hata nusu. Basi ninaandika, kwa ajili yao na kwa ninyi wengine mnaovaa sare leo Nchelenge na vijiji vya ziwani. Nimefanya kazi hospitalini tangu ujana mpaka magoti yalipokataa. Sindano nilijifunza upesi. Maneno yalinichelewesha, na bado kuna mengine sijayajua.

Kiswahili changu ni cha ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nilichonyonya Pweto. Waalimu wenu wa lugha watakunja uso wakiona maneno ya watu nimeyaandika vile walivyoyasema. Wakunje.

Nilianza kwa kufua. Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza wakitawala upande huu na Wabelgiji ule wa pili. Mume wangu alikuwa amenileta Kabuta, na nikapata kazi katika hospitali ndogo ya misioni, mwendo mfupi wa lori kutoka hapo, ambako mara nyingi nililala siku za kazi, nyumba chache za matofali mahali ambapo upepo wa ziwa ulifika. Nilikuwa na mashuka yangu, sabuni ya mche na pipa la kuchemshia. Siku moja likaja bwato kutoka ng'ambo, limejaa watu wasiojua Kibemba wala Kiingereza, na Ba Mulenga, dresa wetu mkubwa, alikuwa amelala na malaria. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, akatoa dawa, na akawa mdomo wa Dokta. Sista akatoka nje akauliza ni nani anajua Kiswahili. Nikaingia wodini mikono yangu ikiwa na povu bado, na sikurudi tena kwenye pipa, ila siku ambazo mfuaji hakuja.

Ba Mulenga alipopona alinichukua chini ya mkono wake. Alikuwa mtu mzima, msafi mno, koti lake jeupe limepigwa pasi hata mifukoni. Alinifundisha mambo ambayo hayamo katika vitabu vyenu. Simama upande wa mgonjwa, usisimame upande wa Dokta, la sivyo mgonjwa anaona wazungu wawili. Dokta akisema "mimi", na wewe sema "mimi", usiseme "anasema yeye". Usitafsiri maneno, tafsiri jambo. Na ukimaliza, mwombe mgonjwa akuambie kwa kinywa chake amesikia nini. Hapo ndipo utakaposhangaa.

Na kweli nilishangaa. Dokta alikuwa na swali alilomuuliza kila mwenye maumivu ya tumbo: mara ya mwisho ulifungua tumbo lini? Kwa Kiingereza chao hilo ni swali la choo tu. Dresa mmoja mgeni alilibeba hivyo hivyo akampelekea mvuvi wa Kongo. Yule mvuvi akajikumbatia tumbo kwa mikono yote miwili, akasema hajapata kulifungua hata mara moja, wala hataki mtu alifungue, akachukua kofia yake akaondoka. Mwingine aliambiwa anywe vidonge "ndani ya maji". Aliporudi alikuwa amepona lakini ana malalamiko: asubuhi ziwa lina baridi sana, na yeye kila akinywa dawa ilimbidi asimame ndani mpaka kiunoni.

Tulicheka, lakini Ba Mulenga alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa ya kuchekesha. Usibebe neno la kifo. Dokta akisema mtu huyu hatapona, wewe sema ana kidonda cha ndani na tutamtunza. Akanieleza sababu. Dokta ni mgeni, atakwenda likizo kwao. Wewe utabaki hapa, na mtu akishakufa ndugu zake watakumbuka neno lile lilitoka katika mdomo gani. Alikuwa amewahi kufuatwa nyumbani kwake na watu wenye mapanga kwa sababu ya neno kama hilo. Msimwone mwoga. Alijua watu wake.

Sasa Mama Feza.

Alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Pweto, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliposhuka bwatoni Kabuta, hata wavuvi waliokuwa wakigombana walinyamaza kwanza wasikie leo anataka nini. Yeye alinunua samaki wabichi, na aliyewakausha kwa moshi ni Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, mjane wa Kabuta, mwembamba, wa maneno machache. Mmoja alijua bei, mwingine alijua moto. Na moto wa samaki si kazi ya kila mtu: ukizidi, samaki anaungua nje na ndani bado mbichi, ukipungua, nzi wanamaliza faida. Miaka mingi walifanya kazi pamoja. Mama Feza akija upande huu alilala kwa Bana Mwape, akala kwa Bana Mwape, na samaki wao wakapanda baiskeli kwenda bara au bwato kwenda Kongo.

Kisha Mama Feza akaanza kuona damu akienda choo. Alidhani ni kichocho, ambacho huku ziwani ni ndugu wa kila mtu. Akanywa dawa za mizizi. Damu ikakoma, ikarudi. Tumbo likawa linafunga siku kadhaa kisha linaachia kwa nguvu. Vitenge vyake vikaanza kumzunguka mara mbili. Hakumwambia mtu, maana ni nani anayesimulia habari za choo chake? Vijana, likumbukeni hilo. Mgonjwa wa utumbo huchelewa zaidi kwa sababu ya aibu kuliko kwa sababu ya umbali. Muulizeni ninyi, tena kwa maneno ya nyumbani, bila kuinamisha macho.

Aliyeuona mwili wake ukiisha ni Numbi, kaka yake. Numbi alimpenda sana dada yake, na mtu anayependa hutafuta wa kumlaumu. Akauliza: unapokwenda ng'ambo unakula wapi? Jibu lilikuwa moja tu. Basi akasema dada yake amelishwa kitu, na aliyemlisha ni yule mjane anayemwonea wivu. Mama Feza mwanzoni alikataa. Lakini maumivu yakizidi, akili huanza kutembea peke yake. Safari iliyofuata hakulala kwa Bana Mwape. Alipita mlangoni pake asimsalimie, na Kabuta nzima ikaona.

Mnajua kijiji. Watu wakaacha kununua samaki wa Bana Mwape. Asubuhi moja alikuta uchanja wake wa kukaushia umeangushwa, vijiti vimetupwa majini. Akausimamisha upya, akakausha samaki ambao hakuna aliyewataka.

Mama Feza aliletwa kwetu tumbo limejaa kama ngoma, anatapika, hajapata choo kwa siku nyingi. Dokta akampapasa, akaingiza kidole kwa nyuma, akanawa mikono. Akanieleza, nami nikamweleza yeye: ndani ya utumbo mkubwa kuna uvimbe, umefunga njia yote. Tusipofanya kitu, tumbo litapasuka. Dokta atamlaza kwa dawa ya usingizi, amfungue, atoe sehemu ya utumbo nje ubavuni kushoto, na choo kitakuwa kinatokea hapo.

Mama Feza alifikiri kidogo, ingawa alikuwa katika maumivu makali. "Nitakula?" akauliza. Nikasema atakula. "Nitatembea?" Atatembea. "Nitanuka?" Hapo sikumdanganya. Nikamwambia kidogo, lakini kuna namna ya kujitunza, na nitamfundisha. Akasema basi wamkate.

Dokta alipomfungua aliukuta uvimbe umeshika kila kitu kilichokuwa karibu nao, na ini lina vinundu. Hakuweza kuuondoa. Alifungua njia ya choo kama alivyoahidi, akamshona. Alipotoka aliketi kwenye ngazi ya chumba cha kupasulia, akavua kofia yake ya kitambaa, na hakuna aliyemsogelea.

Kwa siku kadhaa Mama Feza alifurahi. Tumbo limeshuka, kutapika kumekwisha, anakunywa uji. Numbi alikuwa akishinda chini ya dirisha lake. Alikuja kwangu akanishika mikono, akaniomba kwa upole kabisa kwamba kama kuna neno baya nimwambie yeye peke yake, dada yake asisikie. Akaongeza kwamba dada yake akishapata nguvu atampeleka ng'ambo kwa mpiga ramli, aliyemfanyia hivi atajwe jina mbele ya watu. Ba Mulenga naye akanikumbusha: kidonda cha ndani, Eliza, kidonda cha ndani.

Siku moja asubuhi Mama Feza akamtuma kaka yake sokoni. Akaniita.

"Mutoto yangu," akasema, "nimeangalia munganga. Macho yake inasema kitu moja, mudomo inasema ingine. Uende umwite. Kiisha weye unipe maneno yake yote. Usipunguze."

Nilimwendea Dokta, nikamwambia mgonjwa anataka kujua kila kitu. Wakati ule madaktari wengi walificha, lakini huyu hakuwa wa kuficha. Alichukua kigoda akaketi, uso wake ukawa chini ya uso wa mgonjwa. Mimi nikakaa kitandani karibu na miguu yake. Dokta akasema kidogo, akangoja. Akasema tena kidogo, akangoja. Igeni hilo.

Kazi yangu ilikuwa neno. Watu wetu hawakuwa na neno kansa. Nikisema kidonda, kidonda hupona. Nikisema mdudu, mdudu huuawa kwa dawa, tena mdudu anaweza kutumwa na mtu. Nikasema hivi: "Mama, ni nyama ya mwili wako mwenyewe. Imeota ndani ya utumbo mahali ambapo haikutakiwa. Dokta amekufungulia njia nyingine, lakini nyama ile bado ipo. Na imeshafika kwenye ini. Hakuna kisu cha kuitoa yote, wala dawa ya kuiua. Tunayo dawa ya maumivu."

Nje mtu alikuwa anakata kuni.

"Nani aliniwekea?"

"Hakuna mutu," nikasema.

"Kitu haiote bila mutu wa kuipanda."

Nilimfikishia Dokta swali hilo. Nilitegemea atikise kichwa kama walivyozoea wazungu wakisikia habari za bulozi, yaani uchawi. Hakutikisa. Aliangalia mikono yake, kisha akasema mama yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huu huu, kule kwao, katika nyumba yenye kila kitu, na hakuna mtu aliyemlisha sumu. Uliota tu. Alikuwa bado mwanafunzi, na hata leo hajui kwa nini ulimwotea mama yake na haukumwotea jirani.

Mama Feza alimtazama muda mrefu. Halafu akanigeukia.

"Umwambie pole," akasema.

Nikamwambia Dokta. Dokta akaitikia kwa kichwa. Miaka yote niliyofanya kazi, sijaona tena mgonjwa akimpa pole daktari siku anapopewa habari yake.

Kisha Mama Feza akauliza atafika wapi. Dokta akasema hajui kwa hakika. Mvua zijazo huenda akaziona zikianza. Kuziona zikiisha, hadhani. Nikamwomba Mama Feza aniambie amesikia nini, kama nilivyofundishwa.

"Munganga amefungua njia," akasema, "lakini ugonjwa amebaki. Itaniua, si leo. Na hakuna mutu alinifanyia." Akarudia lile la mwisho kwa sauti ya chini.

Msifikiri baada ya hapo alitulia. Alijifunika shuka kichwani. Uji ukaja ukarudi. Kesho yake aliniambia nitoke, hataki kuona uso wangu, mimi ndiye niliyemletea kifo chumbani. Ba Mulenga alikuwa mlangoni, akasikia, hakusema "nilikuambia". Alichukua beseni mikononi mwangu akamhudumia yeye. Mnapobeba neno zito, jueni mtatupiwa. Msikimbie mbali, wala msijitetee. Kaeni mahali ambapo mgonjwa atawapata akiwahitaji.

Alinipata siku ya tatu au ya nne. Alisema kwa ukali, "Unifundishe hii kitu."

Basi nikamfundisha. Wakati ule hatukuwa na mifuko kama yenu ya kubandika. Tulishona vitambaa vya pamba vizito, tukavifunga kwa mshipi mpana wa nguo. Osha kwa maji ya uvuguvugu, usisugue, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta kwenye ngozi inayozunguka, kisha kitambaa safi. Vitambaa vichemshwe na kuanikwa juani, si kivulini. Sombe, yaani kisamvu, ile ya majani makomavu ilimsumbua, maharage yakazidi. Samaki aliyepikwa laini alikaa vizuri. Ukila wakati ule ule kila siku, choo nacho kinazoea saa yake, na hapo mtu anaweza kutoka nyumbani bila hofu. Mambo haya tuliyajua kwa kujaribu, mimi, yeye na Sista, na siku nyingine tulikosea na mashuka yakaniona tena.

Kile kitundu alikiita mukwe, kwa sababu, alisema, hakina saa ya kuja na huwezi kukifukuza. Jumapili moja katika ibada ya wodini kilitoa mlio mrefu katikati ya maombi. Kila mtu akakaza macho chini. Mama Feza akasema, "Amina," na mwinjilisti mwenyewe akashindwa kuendelea.

Ndipo mchukuzi mmoja wa samaki kwa baiskeli, aliyekuja kufungwa kidonda cha mguu, akatuletea habari za Kabuta. Uchanja wa Bana Mwape ulikuwa umeangushwa tena. Numbi alikuwa ameshakubaliana na mpiga ramli. Watu wanangoja tu jina litajwe, na wote wanalijua tayari.

Mama Feza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Unipeleke Kabuta."

Lori la hospitali lilikuwa linakwenda Nchelenge kuchukua chumvi na parafini. Sista akatukubalia. Tukashuka Kabuta asubuhi, wakati mabwato yanarudi, wachukuzi wamepanga baiskeli zao mchangani, wanawake wana vikapu. Mama Feza alivaa kitenge kizuri juu ya mshipi wake. Alitembea polepole mkono wake begani kwangu, na watu wakatupisha njia. Numbi aliyekuwa pwani akaja mbio kumshika. Dada yake akamwambia afuate nyuma.

Bana Mwape alikuwa kwenye moto wake. Alisimama alipotuona, akapangusa mikono kwenye kitenge. Wale wawili walizoea kusema Kiswahili chao cha biashara.

"Nipe chakula," akasema Mama Feza.

Bana Mwape hakusogea. Watu walikuwa wameanza kukusanyika.

"Nipe chakula, dada. Nina njaa."

"Hapana," akasema Bana Mwape. Sauti yake haikuwa na hasira. "Unakula leo, unakufa kesho, batasema njo hii ilikuua. Mi niko na batoto. Hapana."

Alikuwa na haki. Mimi sikuwa nimelifikiria hilo, na nadhani Mama Feza naye hakuwa amelifikiria njiani. Alisimama pale akipumua kwa shida. Halafu akageuka, akanitazama mimi.

"Bana Chola," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wangu kama mtu anavyomwita mtu mzima mwenzake, "useme hapa vile munganga alisema. Yote. Kwa Kibemba na kwa Kiswahili."

Nilitazama zile nyuso. Nilikaa kijiji hicho. Mume wangu alikuwa pale, ameshika wavu. Nilijua kwamba nikifungua mdomo, neno la kifo cha Mama Feza litakuwa langu mbele ya watu wote, pamoja na kaka yake. Lakini mwenye kifo ndiye aliyeniomba.

Nikasema. Nilisema kwa Kibemba kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa wale wa ng'ambo. Nilisema kwamba Mama Feza ana nyama iliyoota yenyewe ndani ya utumbo, kwamba Dokta aliiona kwa macho yake alipomfungua, kwamba haikuletwa na chakula cha mtu wala mkono wa mtu, na kwamba atakufa kwayo, labda mvua zijazo. Nikasema mama yake Dokta alikufa hivyo hivyo huko Ulaya. Kibemba changu siku hiyo kilikuwa kibaya.

Numbi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

"Mumesikia," akasema Mama Feza. "Nikifa, mi nakufa na mwili yangu. Mutu akitaja jina ya huyu mama, anataja bongo, ni uongo tu, hata akiwa ndugu yangu." Akaketi chini mchangani mbele ya moto, miguu ameinyoosha, kama alivyozoea kuketi zamani. "Sasa nipe chakula."

Bana Mwape aliingia ndani, akatoka na bukari ya asubuhi iliyopoa na samaki mmoja, yule wetu wa ziwani tunayemwita pale. Aliketi karibu naye. Akamega yeye kwanza, akala, watu waone. Kisha akamega tena, akamtolea miiba samaki, akamwekea mwenzake mkononi. Mama Feza akala matonge machache, zaidi hakuweza. Baada yake Numbi alisogea, akachuchumaa, akanyoosha mkono ndani ya sahani ile ile. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alikula.

Niliporudi hospitalini nilimkuta Ba Mulenga ameshasikia. Habari za ziwani hutangulia lori. Nilidhani atanikaripia. Alisema tu, "Ungenijulisha, ningekuja kusimama na wewe." Yeye hakubadilisha desturi yake mpaka alipostaafu, lakini tangu siku hiyo mgonjwa akitaka kujua yote alikuja kuniita, na kila mara alisimama karibu yangu.

Mama Feza hakurudi Pweto. Alikaa kwa Bana Mwape, na kaka yake akawa anavuka kumtazama. Asubuhi aliketi karibu na uchanja akipanga bei kwa sauti ile ile, mpaka sauti ilipopungua, na hapo alipanga bei kwa vidole. Bana Mwape alimfunga vitambaa vizuri kuliko mimi. Maumivu yalipozidi, nilikwenda na dawa ya Dokta, kwanza mara moja moja, baadaye kila siku. Mvua zilianza. Alizisikia kwenye nyasi za paa, akasema munganga hakudanganya. Alikufa kabla watu hawajamaliza kupanda mihogo. Msibani Numbi alimketisha Bana Mwape kwenye mkeka wa ndugu wa marehemu, na watu wa Kabuta wakaja kumpa mkono mmoja mmoja, pamoja na walioangusha uchanja, ambao sisi sote tuliwajua.

Mngeweza kudhani ndio mwisho. Mimi nilidhani hivyo.

Mwezi ulipokuwa umepita, Bana Mwape alikuja hospitalini. Alikaa kwenye benchi ya wagonjwa mpaka wote wakaisha. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi. Akakaa tena. Kisha akaniambia, kwa Kibemba, macho yake yakiwa mlangoni, kwamba kuna siku, kabla ya ugonjwa wote, alimpikia mwenzake samaki aliyekuwa ameanza kuharibika kidogo ubavuni. Alikata mahali pabaya akatupa, akapika pale pazuri. Walikula wote wawili, na yeye hakuumwa. Tangu watu walipoanza kusema, hata siku nilipotangaza mbele ya kijiji, hata alipokuwa akimfunga vitambaa, hata kwenye mkeka, alikuwa anajiuliza kama ni samaki yule. Alitaka kuuliza. Angemwuliza nani?

Vijana, tulikuwa tumesema na mgonjwa, tukasema na kaka yake, tukasema na kijiji kizima. Aliyekuwa kando akifunga vitambaa alikuwa na swali lake, na amelibeba peke yake muda wote huo.

Nilisogea nikakaa naye kwenye benchi. Nikamwambia hapana. Samaki aliyeoza humtapisha mtu siku ile ile au humharisha kesho yake. Hawezi kumwotesha nyama tumboni. Uvimbe wa Mama Feza ulikuwa umeanza zamani, kabla ya samaki yule.

Alisikiliza akiwa ametulia kabisa. Nikamwomba aniambie amesikia nini. Akaniomba niseme tena.

Nikasema tena.